Mke wa Jina la Mutie

Ukitaka kumjua mwanamke aliyechoka kuwa mke wa marehemu, mtazame anavyomvuta mbuzi.

Asubuhi ile nilimvuta yule mbuzi mwekundu kutoka bomani kwetu, juu kidogo ya Tawa, na kila niliyekutana naye njiani alijua ninakokwenda. Wanawake waliokuwa wakichota maji kwenye mchanga wa mto walinyamaza nilipopita, na nilipowapa mgongo wakaanza upya. Sikugeuka. Mimi Kasyoka wa Mwangangi sigeuzwi na maneno ya mtoni. Ila kamba ya mkonge ilikuwa imeshaanza kunichubua kiganja, sitaficha.

Kwetu Ukambani, mbuzi wa ntheo wakishachinjwa, binti ni mke wa mtu, hata kama hajalala siku moja kwa mumewe. Mutie aliwaleta mbuzi wake wa ntheo, wazee wakala, wakapangusa midomo, na kabla hata sijazoea kuitwa mke, akapanda gari la moshi pale Sultan Hamud akaenda vitani na keya, lile jeshi la Mwingereza. Wakampeleka Bama, ng'ambo ya bahari. Hakurudi. Habari ililetwa na askari wa chifu, kwa mdomo, amesimama mlangoni kama mtu anayeuliza njia. Vita vikaisha, vijana waliosalimika wakarudi na makoti yao mazito ya jeshi, na mimi nikabaki mke wa mtu aliyezikwa nisikokujua.

Asiyekuwepo na lake halipo, husema Waswahili. Waje Tawa waone. Mutie hakuwepo, na lake lilikuwepo: mimi.

Mama yake, Ndululu, alikuwa mjane, na hakuwa na mtoto mwingine wa kiume. Na kwetu jina la kijana haliachwi lipotee hivi hivi. Mke huingia bomani kwa marehemu, akazaa na mwanamume atakayemchagua mwenyewe, kimyakimya, na watoto wakaitwa wa marehemu. Ndivyo alivyotaka Ndululu. Nyumba ya Mutie alikuwa ameipiga udongo upya, akaifagia, akaweka na mafiga matatu ya kupikia. Kila siku ya soko alikuwa akinishika mkono mbele ya watu na kuniuliza nitahamia lini, na kila siku ya soko nilikuwa nikimjibu kwamba mama bado anaumwa na miguu. Miguu ya mama yangu, maskini, ilisingiziwa mwaka mzima.

Tatizo ni kwamba nilikuwa nimeshampenda mtu.

Alikuwa fundi cherehani wa pale Sultan Hamud, barazani kwa Abubakar, yule mfanyabiashara aliyekuja na watu wa pwani. Jina lake Muli. Nilikwenda kushonewa gauni la Krismasi, nikamkuta ameinama juu ya cherehani, utepe wa kupimia umening'inia shingoni, mguu mmoja ukikanyaga na mwingine, ulio mfupi, ukipumzika kando. Alinipima mkono, akasahau, akanipima tena mkono ule ule. Nikamwuliza kama huo mkono una kasoro. Akasema kasoro iko kwa mpimaji. Basi. Nilirudi nyumbani bila kuhisi mwendo, na gauni lenyewe lilipokwisha nilitafuta sababu ya kulipunguza, kisha ya kuliongeza. Mapenzi ni kikohozi, hayafichiki. Kufikia mvua za masika hata Abubakar alikuwa akiniona kwa mbali anamwita, "Muli, lile gauni limebana tena."

Sasa Abubakar alikuwa anahamisha duka lake kwenda Kitui mjini, ng'ambo ya mto Athi, na cherehani inakwenda, na fundi anakwenda. Lori lilikuwa liondoke siku mbili baadaye, asubuhi. Nilipoambiwa habari hiyo nilisema jambo ambalo msichana wa watu wa misheni hatakiwi kulisema. Nilimwambia Muli tuondoke wote.

Alikata uzi kwa meno.

"Mimi sikuibi, Kasyoka."

"Nani amesema uniibe? Nimesema twende."

"Twende, tuzae, watoto wawe wa nani? Mbuzi wa Mutie hawajarudi. Mama yake atakuja Kitui na wazee wa ukoo, awachukue mmoja mmoja, na atakuwa na haki."

Nikamwambia anaogopa. Nilikuwa na hasira na nilitaka kumwumiza. Nikamwambia mwanamume mwingine angekwisha kupigania chake. Hapo ndipo alipoinua macho, na sijawahi kuyaona yakiwa vile.

"Nikishindana na mwanamume aliye hai najua pa kumshika. Mutie nimshike wapi? Hazeeki. Hakuudhi. Kuchechemea hachechemei." Akaushika mguu wake kama anayemwonyesha mtu mzigo. "Tulisimama naye kwenye mstari mmoja siku ile ya kuandikishwa. Daktari wa kizungu akaniambia nitembee. Nikatembea. Akaniambia niende nyumbani. Yeye akapita. Tangu hapo, kila anayenitazama anamwona aliyebaki. Nawe siku moja utanitazama hivyo hivyo."

Nilitaka kumkumbatia na nilitaka kumpiga, vyote viwili kwa mkono mmoja.

Ndiyo maana ya yule mbuzi. Ndoa ya ntheo huvunjwa kwa njia moja tu: upande wa binti urudishe mbuzi wa kukataa, na mwenye boma ampokee kwa mkono wake. Akishampokea, yamekwisha. Kazi hiyo ni ya baba. Nilimwomba nau, baba yangu, usiku kucha, na yeye, mzee wa kanisa, akanifungulia Maandiko akanionyesha kwamba kifo hufungua ndoa na maiti hana mke. Nikamwambia vizuri, basi ampeleke mbuzi. Akakohoa. Akasema shamba lina kazi. Nau alikula mbuzi wa ntheo kabla hajaokoka, na wokovu haukumtapisha. Alichoogopa hasa ni ulimi wa Ndululu, maana maneno ya mama aliyefiwa hayana dawa.

Basi alfajiri niliingia zizini mwenyewe, nikamshika mbuzi wa kwanza aliyekuwa karibu na mlango.

Ndululu nilimkuta ameketi kwenye kivuli cha ghala, miguu ameinyoosha, anasokota nyuzi za mkonge juu ya paja na kusuka kiondo. Alikuwa mwanamke mdogo wa umbo, mkavu, mwenye sauti ya chini inayokulazimisha umsogelee. Aliniona. Mbuzi hakumwona. Yaani alimpitishia macho kama vile ninavuta hewa.

"Mke wa mwanangu amekuja," alisema. "Keti. Uji uko jikoni."

"Mwaitu, mama, sitakaa sana. Nimeleta..."

"Keti kwanza."

Nikaketi. Uji sikuugusa, na yeye aliona kwamba sikuugusa, akaendelea kusokota. Mbuzi alianza kula nyuzi zake za mkonge, Ndululu akamsukuma kichwa bila kumtazama. Kisha akaanza, kama kawaida yake, kunisimulia Mutie. Jinsi alivyokuwa mpole tangu tumboni. Jinsi asivyopata kumjibu mtu mzima. Jinsi alivyomwua chui kwa mshale mmoja akiwa bado kijana mdogo, chui aliyewashinda wanaume wa kijiji kizima.

Sasa hadithi ya chui nilikuwa nimeisikia sokoni, nikaisikia kanisani, nikaisikia matangani kwa watu wengine. Kila ilipokuja, chui alikuwa ameongezeka. Nilikuwa nimekaa kwenye jiwe la moto, jua linapanda, Muli anafunga cherehani Sultan Hamud, na mimi nasikiliza chui. Kitu kikanikatika.

"Mutie hakuua chui, mwaitu," nilisema. "Mutie alikuwa anaogopa majogoo."

Mikono yake ilisimama juu ya paja.

Nilijua nimeharibu. Lakini maneno yakishatangulia, mwenye kinywa hufuata tu. Nikamweleza. Siku ile ya gari la moshi nilikwenda Sultan Hamud na viazi vitamu vya kuchoma kwenye kiondo, kumsindikiza. Kulikuwa na mama mmoja ameketi na majogoo wake ndani ya kapu, jogoo mmoja akatoa kichwa akamdonoa Mutie kwenye shavu la mguu. Mutie akaruka, akanishika mimi, akajificha nyuma yangu na kaptura yake mpya ya khaki, na vijana wote waliokuwa wakienda vitani wakacheka hadi wakakaa chini. Yeye mwenyewe alicheka. Alicheka hadi machozi yakamtoka, kisha kicheko kikaisha na machozi yakabaki.

"Alilia?" Ndululu aliuliza.

"Alilia, mwaitu. Aliniambia nisikwambie. Nimekaa nalo hadi leo."

Midomo yake ilikuwa imekauka.

"Alilia vipi?"

Sikuelewa swali. Akaliuliza tena, polepole, kama anayepapasa kitu gizani. "Alipokuwa akilia, alifanya nini?"

Nikafikiri. Haki nawaambia, sura ya Mutie ilikuwa imeanza kunipotea. Nilikuwa nikiamka asubuhi na kuitafuta, nikaambulia shingo tu, na sauti, na siku nyingine hata sauti sipati. Jambo hilo lilinitesa kuliko soko lote na maneno yake. Lakini hilo aliloniuliza lilikuja lenyewe.

"Alijishika sikio," nilisema. "Sikio la kushoto. Alilivuta."

Ndululu aliweka kiondo chini. Akafunika uso kwa mikono yote miwili, na mabega yakaanza kumtikisika, na mimi nikainuka kutaka kumshika, kumbe anacheka. Anacheka na analia. Alisema Mutie akiwa mtoto alikuwa hivyo, akichapwa anavuta sikio, akinyimwa maziwa anavuta sikio, mpaka babake akawa anamtania kwamba litarefuka lifike begani. Akasema alikuwa amelisahau. Amekaa miaka akimsimulia kijana mwenye chui, na sikio la mwanawe amelisahau.

"Mimi sijui huyo wa chui ametoka wapi," alisema, akijipangusa kwa kona ya leso. "Nilikuwa naona watu wanachoka kunisikiliza. Nikasema, wacha nimwongezee."

Tulikaa. Nikaunywa ule uji, umeshapoa. Kisha akainuka, akamwendea mbuzi. Alimshika pembe. Akampapasa mgongo, akashuka ubavuni, akaingiza kiganja chini ya tumbo. Akakiacha hapo.

"Baba yako Mwangangi amemwona mbuzi huyu?"

"Hapana. Nimemtoa zizini mwenyewe."

"Ndiyo maana. Ana mimba."

Wazee wa ukoo ule hawana mzaha na jambo hilo: mbuzi wa kukataa awe hajazaa na hana kitu tumboni. Huwezi kusema nakataa huku mkononi unaleta uzao. Mzee yeyote angelijua hilo. Nau angelijua. Mimi, kwa haraka zangu, nilikuwa nimekuja kukataa na mbuzi anayesema naam. Na kurudi nyumbani, nimtafute mwingine, nije tena, jua lingekuwa limezama na lori la kesho lingeondoka na Muli akiamini nimeshindwa.

"Mwaitu," nilianza.

Ndipo nikasikia mnyororo wa baiskeli. Muli alikuwa anaisukuma baiskeli ya Abubakar kwenye kile kimlima cha kuingilia bomani, shati limelowa, vumbi hadi kope, utepe wake bado shingoni. Nilikuwa nimemkataza asije. Aliegemeza baiskeli kwenye ua wa mkonge, akachechemea hadi katikati ya kiwanja, akavua kofia.

Alimsalimu Ndululu kwa heshima, akajitaja jina na jina la babake. Akasema alishindwa kukaa akingoja mwanamke amsemee maneno yake.

Ndululu hakumtazama uso. Alimtazama mguu, muda mrefu, hadi mimi nikaona haya kwa ajili yake.

"Wewe ndiye aliyebaki," alisema.

"Ndiye mimi, mwaitu."

"Ningemzaa na mguu kama huo," alisema Ndululu, "leo angekuwa hapa anakunywa uji."

Muli akainamisha kichwa. Miaka yote hiyo watu walikuwa wameutazama mguu ule kwa dharau au kwa huruma. Hakuwahi kumpata mtu aliyeutamani.

Nikamwambia habari ya mbuzi, kwa maneno machache, maana sikuweza mengi. Alisikiliza. Akamtazama mbuzi, akanitazama mimi, akaitazama nyumba ya Mutie iliyofagiliwa na mafiga yake ambayo hayajapata kuona moto.

"Kama mbuzi hafai," alimwambia Ndululu, "mimi sitakwenda Kitui. Nitabaki Sultan Hamud. Kasyoka aingie kwenye nyumba hiyo. Nitakuja kama mtu anavyokuja, na watoto waitwe wa Mutie. Sitadai jina."

"Muli," nilisema.

"Wacha niseme. Niliogopa kushindana naye. Basi sishindani. Bora niwe karibu yako bila jina kuliko Kitui na jina langu."

Huyu ni yule yule aliyekata uzi kwa meno akaniuliza watoto wawe wa nani. Nilisimama pale nikiwa sijui nishike wapi, nikashika kamba ya mbuzi, nikaiachia, nikaishika tena. Ningesema ndiyo. Nawaambia kweli, ningesema ndiyo papo hapo, na tungeishi hivyo, tukijificha maisha yetu yote.

Ndululu ndiye aliyekataa. Alitikisa kichwa, polepole.

"Hapana. Tangu Kasyoka afike hajatulia. Anatazama njia. Mke anayetazama njia si mke wa jina. Atamzalia mwanangu watoto wenye shingo ndefu." Aliinama, akafungua kamba mkononi mwangu kidole kwa kidole, akaona kiganja kilivyochubuka, akakipuliza kama anavyopulizwa mtoto. Kisha akaizungusha kamba mkononi mwake. "Wazee watasema mbuzi huyu hafai. Wao hawakufiwa. Mimi nimempokea. Atazaa hapa. Na kwa uzao wake na wale nitakaoongeza, nitamtafutia Mutie mke mwingine. Yuko binti kule upande wa Kisilu, yatima, mtulivu, anataka boma. Jina lake Mumbua."

Akamvuta mbuzi, akamwingiza zizini, akafunga mlango kwa miti. Yakawa yamekwisha.

Nilikuwa huru. Jambo nililoliomba magotini, nililolivutia mbuzi, nimelipata. Na mtanisamehe, au msinisamehe, lakini kitu cha kwanza nilichokihisi kilikuwa wivu. Mumbua. Atalala kwenye ile nyumba, atawasha moto kwenye yale mafiga, ataitwa sokoni mke wa Mutie, na hajapata hata kumsikia akicheka. Machozi yakanitoka mbele ya mwanamume niliyemtaka, nikimlilia mwanamume niliyemkataa, na sikuweza kuyazuia.

Muli aliyaona. Alinisogelea akasimama kando yangu, upande wa mguu wake mfupi, bega lake likanifikia.

"Nina moja la kuwaomba," Ndululu alisema. "Mumbua hatamjua mumewe. Na mimi, mmenisikia, nasimulia chui. Siku atakayoingia, Kasyoka, uje umwambie alikuwa nani. Umwambie kweli."

"Nitakuja, mwaitu."

"Utaanza na lipi?"

"Nitaanza na jogoo."

Akaitikia kwa kichwa. Kisha akamgeukia Muli, akamnyooshea kidole utepe wa shingoni. "Na wewe utamshonea nguo ya kuingilia. Kitui kuna kitambaa kizuri, nasikia. Usiniulize vipimo, huyo binti hayuko hapa. Ila kimo chake na cha huyu ni kimoja. Mpime huyu."

Muli alivua utepe taratibu. Nilipangusa uso, nikanyoosha mikono. Tangu alfajiri nilikuwa sijatulia mahali, na sasa nilitulia, katikati ya kiwanja cha Mutie, jua utosini. Alinipima mabega. Alinipima kiuno. Alipofika kwenye mkono alipima, akapima tena mkono ule ule.

Nilisimama wima nikapimwa nguo ya mke wa Mutie, ya kuvaliwa na mwingine, na Muli akavisema vipimo kwa sauti ya chini ili asivisahau.